Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Bangi Isitufungie Mlango wa Utafiti wa Maumivu

Kakamega

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Kila bangi inapotajwa nchini, watu hugawanyika mara moja: hawa wanataka ihalalishwe, wale wanataka anayeivuta afungwe. Barua hii haina ugomvi na yeyote kati yao. Inakuomba jambo moja tu, ambalo sheria tayari inakuruhusu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 kinampa waziri mamlaka ya kutoa leseni kuhusu dawa zilizodhibitiwa. Tumia mamlaka hayo kuziwezesha maabara zetu kuchunguza kemikali za bangi zisizolevya, na jinsi zinavyotuliza maumivu.

Mwiba unapokuchoma mguuni, habari hupanda kama umeme kupitia seli za neva zenye viini vyao katika vifundo vilivyo kando ya uti wa mgongo. Umeme huo huzaliwa pale sodiamu inapoingia ndani ya seli kupitia vilango vidogo. Kimoja cha vilango hivyo, kiitwacho Nav1.8, hupatikana hasa katika neva za maumivu zilizo nje ya ubongo. Kikizuiwa, ujumbe wa maumivu hufifia njiani kabla haujafika kichwani. Hapo ndipo tofauti kati ya kemikali za bangi inapoonekana. THC, mojawapo ya kemikali hizo, hulevya kwa sababu hushika vipokezi vya CB1 vilivyo ubongoni. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba kanabidioli, kanabinoli na kanabijeroli huzuia Nav1.8 katika seli za neva, na kwamba iliyozuia vizuri kuliko zote ni kanabijeroli, ambayo hailevyi. Mmea ni mmoja, ila kinacholevya na kinachozuia maumivu kwa njia hii si kitu kimoja.

Kwamba kuziba kilango hicho kunaweza kumfaa binadamu si ndoto tena. Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu makali ya muda mfupi inayozuia Nav1.8. Haikutokana na bangi, bali ilitengenezwa maabarani, na kidonge kimoja kilitangazwa kwa bei ya dola 15.50. Mgonjwa wa selimundu, ugonjwa uliokita mizizi huku Magharibi na kandokando ya Ziwa Victoria, hupatwa na maumivu tena na tena seli za damu zilizopinda zinapoziba mishipa yake midogo. Dawa ya bei hiyo, hata ikimfaa, si yake. Tukingoja wengine watafiti kisha watuuzie, tutabaki wateja wasio na pesa.

Wapo watakaosema ushahidi ni haba. Ni kweli. Kazi ya Yale ilifanywa kwenye seli maabarani, na seli si mgonjwa. Mwaka 2021 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilikataa kuunga mkono matumizi ya jumla ya kanabinoidi, yaani kemikali za aina ya zile za bangi, kutibu maumivu, kwa kuwa majaribio ya kuaminika yalikuwa machache. Ndiyo maana siombi daktari yeyote aandikie mgonjwa dawa hizi leo. Uchache wa ushahidi ni sababu ya kutafiti. Hauwezi pia kuwa sababu ya kukataza utafiti.

Wengine watahofia kwamba leseni itawafungulia vijana mlango wa ulevi. Hofu hiyo ni ya haki, ila jibu lake liko ng'ambo ya mpaka wa Busia. Mofini hutokana na afyuni, na hatari yake inajulikana kuliko ya kanabijeroli. Hata hivyo Uganda, kupitia kazi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa mwaka 1993, ilijifunza kuichanganya kuwa dawa ya maji, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa. Waganda hawakuhalalisha afyuni ili wafike hapo. Walichofanya ni kutenganisha dawa na ulevi, kisha wakaisimamia dawa kwa daftari na kufuli.

Desemba 2020, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi zisizo na faida kubwa ya tiba, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 25 zilizopinga, dhidi ya 27 zilizounga mkono. Msimamo huo unaweza kubaki ulivyo. Mkataba wenyewe wa kimataifa kuhusu dawa za kulevya, wa mwaka 1961, uliotuongoza kuandika sheria zetu, unaruhusu matumizi ya kitabibu na kisayansi.

Basi, Mheshimiwa, chapisha masharti ya leseni ya utafiti: nani anaweza kuomba, kiasi gani cha kemikali iliyosafishwa aruhusiwe kuwa nacho, nani atakikagua, na ombi lijibiwe kwa muda gani. Hapa Kakamega tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro pamoja na hospitali ya rufaa ya kaunti. Mwanasayansi wa huku akitaka kuuliza swali hili, akute fomu ya kujaza, si pingu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kakamega