Masisi na Walikale: watoto wanapanda darasa, hesabu inabaki nyuma

Jumatatu tarehe 1 Septemba 2025, kalenda ya taifa ilifungua mwaka mpya wa shule nchini Kongo. Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, kulikuwa na watoto walioingia mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, na wengine mwaka wa 1 wa humanite, wakiwa na bultini inayosema kwamba wamepanda. Bultini hiyo haisemi ni sura ngapi za hesabu ambazo hawakufundishwa kabisa.

Mwaka uliotangulia ulikatikakatika tangu mwanzo. Septemba 2024 ilianza na mgomo wa walimu waliodai mshahara unaoweza kuwalisha. Rubaya ilikuwa mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili mwaka huo. Tarehe 4 Januari 2025 waasi waliingia Masisi-centre, baada ya wiki chache wakachukua Sake, na mwisho wa mwezi wakachukua Goma. Mwezi wa Februari, kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma zilivunjwa, na familia nyingi za Masisi zilizokuwa zimejihifadhi humo zikafunga virago katikati ya mwaka wa shule. Tarehe 19 Machi M23 ilifika Walikale-centre. Ikaondoka mwanzoni mwa Aprili, lakini watu walikuwa wamekwisha kukimbilia msituni na kwenye njia ya Lubutu. Kati ya Februari shirika la UNICEF lilihesabu zaidi ya shule na vituo 2,500 vya masomo vilivyofungwa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na watoto 795,000 waliokuwa hawasomi. Desemba kabla yake walikuwa 465,000.

Hata hivyo mwaka ulifungwa, pointi zikajumlishwa na bultini zikagawanywa. Hapo hakuna lazima udanganyifu. Mwalimu aliyefundisha nusu ya programu anauliza maswali juu ya nusu hiyo, kwa sababu haki haimruhusu kuuliza asichofundisha. Mtoto anapata asilimia 60, na asilimia 60 ya nusu ya programu inaandikwa sawasawa na asilimia 60 ya programu nzima. Mzazi akishika karatasi hawezi kuona tofauti. Perefe wa shule nyingine, ambako familia itahamia kesho, hawezi kuiona pia.

Katika masomo mengi pengo la namna hiyo linavumilika. Aliyekosa sura moja ya historia anaweza kuisoma mwaka ujao, au asiisome, na bado akafuata sura inayokuja. Hesabu haisamehi. Ya leo inasimama juu ya ya jana, na ya jana juu ya ya juzi.

Chukua jambo dogo la mwaka wa 7: namba zilizo chini ya sifuri. Mtoto aliyetoka shule ya msingi amezoea kwamba 7 kutoa 12 haiwezekani. Katika wiki chache za mwaka wa 7 anapaswa kuelewa kwamba inawezekana, na kwamba jibu ni -5. Ikiwa wiki hizo zilikuwa ndizo wiki za kukimbia kutoka Nyabiondo au Mweso, mwaka wa 8 atakutana na mlinganyo 2x + 9 = 3, atafika kwenye 2x = 3 - 9, na hapo atakwama. Mwalimu atadhani hajui milinganyo. Kumbe milinganyo anaifuata vizuri. Asichokijua ni kutoa 9 katika 3.

Sehemu ni mahali pengine pa kuanguka. Uliza 3/4 + 1/6 katika darasa lolote lililopoteza miezi, na 4/10 litatokea mara nyingi: juu kwa juu, chini kwa chini. Jibu ni 11/12, kwa sababu lazima kwanza vyote viwe vya kumi na mbili, yaani 9/12 na 2/12. Kosa hilo ni la mtoto anayefikiri, aliyebuni kanuni yake kwa sababu hakuna aliyempa nyingine. Lakini akiingia nalo humanite, kila sura ya aljebra itakuwa ukuta.

Na kuna upande ambao shule huusahau. Watoto hawa hawakosi akili ya hesabu. Msichana anayeuza maharage na mama yake sokoni anajua kwamba, tuseme dola 1 ikivunjwa kwa faranga 2,800, noti ya dola 5 ni faranga 14,000, na mteja akinunua vitu vya faranga 7,000 kwa noti hiyo anarudishiwa dola 2 na nusu. Anafanya hivyo bila karatasi, kwa sarafu mbili, kelele zikimzunguka. Hiyo ni kanuni ya tatu, ileile inayoandikwa ubaoni. Kijana anayezunguka machimbo ya Rubaya, au ya upande wa Ndjingala huko Walikale, amesikia wakubwa wakibishana juu ya kiwango cha madini ndani ya kilo za mchanga. Ameishi na asilimia kabla ya kuifundishwa. Wakifika darasani hawatambui kwamba ni kitu kilekile, kwa kuwa ubao unakiita jina lingine, na kwa Kifaransa.

Kifaransa hicho kina uzito wake. Mtoto wa Masisi anaweza kuwa anazungumza Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, wa Walikale Kinyanga au Kikumu, na wote Kiswahili sokoni. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa katika elimu ya msingi, ila kufika mwaka wa 7 hesabu yote ni Kifaransa. Aliyepoteza miezi ya shule amepoteza pia miezi ya lugha. Anaposhindwa swali la maneno, mara nyingi hakushindwa na hesabu. Hakuelewa ameulizwa nini. Mwalimu anayelieleza swali kwa Kiswahili kisha akaacha jibu liandikwe kwa Kifaransa hapotezi muda.

Kila mwaka, kipindi cha likizo kubwa, ushauri ni uleule: mtoto arudie masomo kabla ya kufungua. Mjini kuna walimu wanaokusanya watoto kwa malipo, na mzazi mwenye uwezo anatuma wa kwake. Ni jambo jema kwa anayelipata. Lakini katika vilima vya Masisi, Julai na Agosti si miezi ya kukaa na daftari. Kuna shamba, kuna ng'ombe za watu, kuna kubeba mizigo, kuna machimbo. Familia iliyorudi kutoka kambini imekuta nyumba haina mabati na shamba limevamiwa na majani. Daftari la mwaka wa 7, ambalo ndilo kitabu pekee cha hesabu katika nyumba nyingi, lilibaki Bulengo au Kanyaruchinya. Kumwambia mtoto huyo arudie mwenyewe ni kumwambia arudie kitu asichokuwa nacho, asichofundishwa.

Ndiyo maana marudio ya likizo, yakiachwa peke yake, yanapanua pengo. Aliyepoteza kidogo anarudishiwa vyote, aliyepoteza vingi harudishiwi kitu.

Watoto wa rika hili wana bahati mbaya nyingine: wanaangukia kati ya mipango miwili. Elimu bila malipo iliyoanza Septemba 2019 imewasaidia wa shule ya msingi, yaani mwaka wa 1 hadi wa 6. Kuanzia mwaka wa 7 wazazi wanaendelea kulipa minervale na michango. Vituo vya kufidia masomo, ambavyo vinabana miaka 6 ya shule ya msingi kuwa 3, navyo vinaishia pale pale. Kijana wa miaka 14 aliyefika mwaka wa 7, akapoteza nusu yake, ni mkubwa mno kwa vituo hivyo na hana fedha za mwalimu wa pembeni. Hakuna mlango ulioandikwa jina lake.

Mahali pa marudio, basi, ni ndani ya shule, Septemba, kwa watoto wote, kabla ya kufungua sura mpya. Wiki 3 au 4 zingetosha kwa mambo machache yanayobeba mengine: namba chini ya sifuri, sehemu, uwiano na asilimia, na mlinganyo wa hatua moja au mbili kama 3x + 5 = 20. Eneo la mstatili na la pembetatu linaweza kuingia kama mazoezi ya hizo sehemu. Mengine yasubiri. Anayejaribu kurudia programu nzima ya mwaka wa 7 kwa mwezi mmoja atafika mwisho wa mwezi peke yake.

Kinachozuia si ukosefu wa nia peke yake. Mwalimu wa Kongo anafanya kazi na karatasi ya utabiri wa masomo, inayoonyesha wiki kwa wiki atafundisha nini, na mkaguzi akipita anailinganisha na daftari la darasa. Mwalimu aliyetumia Septemba nzima kwa sehemu na namba hasi ataonekana amechelewa. Aliyesonga mbele na darasa lisilomfuata ataonekana yuko sawa. Kwa walimu ambao mshahara wao umekuwa taabu kuupata tangu benki za Goma zilipofungwa mwisho wa Januari 2025, hakuna sababu ya kutafuta lawama za ziada. Neno moja la maandishi kutoka kwa wakaguzi, kwamba wiki za kwanza ni za marudio na hazihesabiwi kuwa uchelewaji, lingebadilisha kazi ya darasa bila kugharimu faranga.

Lakini nani ataliandika? Mwaka huo wa shule ulipofunguliwa, sehemu kubwa ya Masisi ilikuwa chini ya AFC/M23, Walikale-centre ilikuwa upande wa serikali, na kati yao mapigano na Wazalendo yalikuwa yakiendelea licha ya azimio la kanuni lililotiwa saini Doha tarehe 19 Julai 2025. Programu ni ya Kinshasa pande zote mbili, mitihani ya taifa ni ileile, na watoto wanavuka mstari wa mbele pamoja na wazazi wao. Huenda hesabu ni mojawapo ya mambo machache ambayo pande hizo hazina cha kubishania.

Hao wanaovuka wanaleta shida ya pekee. Mtoto anafika Kibua au Mubi bila bultini, akisema alikuwa mwaka wa 7. Shule inampanga kwa neno lake na kwa urefu wake. Maswali 10 ya hesabu kwenye kipande cha karatasi, yaliyosahihishwa asubuhi hiyohiyo, yangesema zaidi kuliko bultini iliyopotea, mradi yasitumiwe kumrudisha mtoto nyuma wala kumdai pesa ya mtihani. Zambia imejaribu jambo la jamii hiyo kwa watoto wa darasa la 3 hadi la 5 katika programu ya Catch Up: kwa saa fulani ya siku wanafunzi wanapangwa kwa wanachokijua, si kwa darasa lao, kisha wanarudi kwa wenzao. Kwa shule ya Walikale yenye mwalimu mmoja wa hesabu kwa madarasa yote, hilo linaweza kumaanisha tu kuunganisha mwaka wa 7 na wa 8 asubuhi mbili kwa wiki.

Redio nayo ipo. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, Radio Okapi ilipeleka masomo hewani kwa kipindi cha Okapi École. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, misitu mingi na maeneo makubwa yasiyoshika mtandao wa simu, kwa hiyo redio ndogo ya betri inafika ambako programu za simu hazifiki. Hesabu ya kusikiliza tu ni ngumu, lakini robo saa ya kuelezwa kwa Kiswahili nini maana ya -5, mwalimu akiwa ameandika ubaoni mapema, si kitu cha kudharau.

Mwisho wa mwaka wa 8 kuna Tenasosp, mtihani wa taifa wa kumwelekeza mwanafunzi. Baada yake anachagua: hisabati na fizikia, biolojia na kemia, ualimu, ufundi, biashara. Chaguo hilo linafanywa na mtoto wa miaka 14 au 15, na kwa kawaida linafanywa na pointi zake za hesabu. Anayeingia mwaka wa 8 bila kujua kutoa 9 katika 3 ana miezi 10 kabla ya hapo. Hospitali ya Masisi itahitaji wauguzi, daraja za Walikale zitahitaji mafundi, na shule hizi zenyewe zitahitaji mwalimu wa hesabu atakayechukua nafasi ya yule aliyekimbia.