Chota neno moja kila jioni

Ni wazazi wangapi jijini hukesha hadi saa sita usiku wakikata katoni na kubandika majani makavu, ilhali mwenye kazi, yaani mtoto, amekwisha kulala fofofo? Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Januari 2019, jambo hili limekuwa la kawaida mitaani. Mzazi hununua karatasi za manila, gundi na rangi, huunda jumba zima, na asubuhi mtoto hupeleka shuleni sifa zisizo zake. Halafu twalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana ubunifu! Watautoa wapi, nasi tumewanyang'anya hata mkasi?

Ipo njia isiyogharimu kitu. Kila jioni nyumba nzima hupewa neno moja, na kila mtu hutengeneza kitu kidogo kutokana nalo kabla ya kulala: mchoro, ubeti mmoja, sanamu ya udongo, hata mchezo wa vivuli ukutani. Dakika ishirini zatosha. Kesho ni neno jingine.

Wenzetu ng'ambo wamelijaribu. Mwaka wa 2009 mchoraji Mmarekani, Jake Parker, aliamua kuchora picha ya wino kila siku ya mwezi wa Oktoba ili kuunoa mkono wake. Wengi wakamwiga, na mnamo 2016 akaanza kuwatolea orodha ya maneno 31, moja kwa kila siku.

Anayenipendeza zaidi, hata hivyo, ni Mwitaliano Gianni Rodari, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi wa watoto. Katika kitabu alichokitoa 1973 anaeleza jinsi alivyomwita mtoto mmoja aandike neno upande mmoja wa ubao, na mwenzake aandike lake upande wa pili, bila kuonana. Yakatokea mbwa na kabati. Maneno mawili yasiyojuana huilazimisha akili kuyatafutia undugu. Kwa Kiswahili chetu kiambishi kidogo tu kinatosha: mbwa yu kabatini. Nani kamfungia? Ama ni kabati la mbwa, lililojaa suti zake? Hadithi imekwisha kuanza, na mwalimu hajasema lolote.

Kumwambia mtoto "chora chochote" ni kumwingiza uwanjani pasipo goli. Nanyi wanafunzi wa vyuo mnaokodolea macho karatasi tupu usiku kucha, ugonjwa wenu ni huo huo. Mpe mtu neno "kifuniko" na mikono yake itaanza kutafuta kazi.

Basi tafuteni mkebe. Kila mmoja aandike maneno yake kwenye vipande vya karatasi, baba naye asijifiche nyuma ya gazeti, kisha mchote kwa zamu. Vifaa ni vile vilivyomo nyumbani: pakiti za maziwa, waya, vibiriti vitupu, magazeti makuukuu. Gundi hupikwa kwa unga wa ngano na maji. (Sisi tuliokua tukiendesha magari ya waya hatuhitaji kufunzwa haya.) Muda ukiisha, kazi iishie hapo ilipo, isibebwe hadi kesho ikawa deni. Na zaidi ya yote, mzazi afanye yake, asiiguse ya mtoto, wala asitoe alama. Kifaru chenye miguu mitano kiacheni kitembee.

Jambo moja lakini sharti niwatahadharishe. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wawili, aliuanza mchezo huu wakati wa likizo. Jioni moja likatoka neno "daftari". Mwanawe wa miaka kumi akachora daftari la mwenye duka wa mtaani, jina la mamake likiwa juu, na chini yake: unga, mafuta, sukari, unga. Mama alicheka, kisha akanyamaza. Hakuwa amejua kwamba mtoto anayetumwa dukani kila siku huusoma ukurasa ule akisubiri kuhudumiwa. Mtoto akauliza kama hiyo ndiyo sababu iliyomfanya asiende ziara ya shule. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, walizungumza kuhusu pesa bila mtu kufokewa.

Neno, basi, laweza kuleta mezani jambo ambalo hukuliita. Likija, usilifukuze kwa kusema "wewe ni mtoto, nenda ukalale". Weka kalamu chini umsikilize.

Kwa wale ambao mkebe wao bado mtupu, chukueni haya ya juma hili: Jumatatu kifuniko, Jumanne foleni, Jumatano kivuli, Alhamisi ufunguo, Ijumaa harufu, Jumamosi nyanya, na mwaelewa wenyewe kama ni ya sokoni au ni yule wa mashambani. Jumapili chukueni mawili kwa pamoja: sufuria na mwezi.