Wazee wa Msasa Ni Wajomba Zetu

Alhamisi iliyopita nilimsindikiza binti wa jirani kwenye ofisi moja ya elimu hapa Pwani, walikokuwa wakikagua karatasi za walimu wanaoomba ajira ya serikali. Diploma anayo, cheti cha kuzaliwa anacho, barua ya chifu anayo. Kitambulisho hana. Ana weitingi, ile karatasi ya kusubiria kitambulisho, mwaka wa tatu huu. Karani hata faili hakuifungua. "Dada, bila kitambulisho huandikwi." Akamwita wa nyuma yake.

Sababu twazijua sote: jina lake la tatu lina harufu ya ng'ambo, basi kwenye msasa, kile kikao cha wazee cha kuhakiki uraia, akaambiwa alete hati ya shamba la babu. Babu alikuwa baharia. Shamba alitoe wapi?

Ibara ya 12 ya Katiba inampa kila raia haki ya hati za utambulisho. Kesi ya Wanubi, jamii iliyopitishwa msasa kama huu, ilifika hadi kwa kamati ya Afrika ya haki za watoto, nayo mwaka 2011 ikaamua kwamba Kenya imewavunjia watoto wao haki ya uraia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza Kaskazini Mashariki kwamba msasa umekwisha. Tulipiga makofi. Binti yetu bado ana weitingi.

Nasi kazi yetu kulaumu Nairobi! Nani huketi kwenye kikao cha msasa, akamuuliza yeye ni nani mtoto ambaye ubwabwa wa arobaini yake aliula? Ni wajomba zetu. Ni mzee wa mtaa tunayeswali naye safu moja, anayepokea mia mbili ya chai kisha akatikisa kichwa. Aibu hii ni yetu.

Wazee wetu, kwa heshima zote: mkiitwa, semeni mnamjua, au msiende kabisa. Vijana, mtu asiende kwa chifu peke yake. Nendeni kumi, kaeni barazani mpaka kieleweke. Akikataliwa, takeni sababu kwa maandishi, yenye tarehe na muhuri, maana hakimu hasikilizi "niliambiwa nirudi kesho". Wabunge nao tuwabane. Wamakonde wa Kwale, waliokuwa bila uraia, mwaka 2016 walishika njia kwa miguu kuelekea Ikulu, Nairobi. Mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Kwa chifu wetu ni mwendo wa dakika kumi.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunampeleka binti yetu tena kwa chifu. Wewe uliyemwona akikua, njoo na kitambulisho chako uape kwamba unamjua.