Michezo na sanaa si adui wa Hisabati

 

Mitaala mipya ya elimu ilianza kutumika nchini Januari 2024. Miongoni mwa masomo ya shule ya msingi limo linaloitwa Sanaa na Michezo, na wapo wazazi wa Kiislamu hapa Mbeya na Iringa wanaouliza: tumempeleka mtoto akasome au akacheze?

Swali hili halistahili kubezwa. Mkulima wa mpunga wa Mbarali au wa mahindi wa Ismani, anayeuza magunia yake ili mwanawe apate daftari na sare, hana fedha za kupoteza. Anajua pia kuwa mtihani wa taifa ndio unaofungua mlango wa sekondari na chuo. Ni haki yake kujibiwa kwa hoja.

Nchi imekwishajaribu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Elimu na Utamaduni ikiongozwa na marehemu Joseph Mungai, mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zote ziliwekwa kando kwa hoja kwamba zinakula muda wa masomo. Katika kipindi hicho hicho Fizikia na Kemia ziliunganishwa kuwa somo moja.

Marehemu Mungai, mwana wa Mufindi mkoani Iringa, hakuwa adui wa elimu. Alijulikana kwa juhudi zake za kuhimiza ujenzi wa shule za sekondari wilayani kwake, na nia yake hatuitilii shaka. Hata hivyo, Serikali ya Awamu ya Nne iliyoingia madarakani Desemba 2005 iliyatengua maamuzi yote mawili: michezo ikarudi, na Fizikia na Kemia zikatenganishwa tena.

Hatudai kwamba kuondoka kwa michezo ndiko kulikodhoofisha Hisabati. Tunachosema ni kwamba ugonjwa wa Hisabati unatoka kwingine. Katika mitihani ya kidato cha nne ya mwaka 2021 hadi 2023, waliofaulu somo hilo walikuwa kati ya mmoja katika watano na mmoja katika wanne. Je, wale waliofeli walicheza mno? Shule nyingi walikosoma hazina hata mpira mmoja mzima. Kilichowaangusha ni uchache wa walimu wa Hisabati, madarasa yaliyofurika, na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba kutakiwa ghafla afikiri kwa Kiingereza. Saa inayokatwa kwenye mchezo haizai mwalimu wa Hisabati.

Wanavyuoni wetu walisemaje?

Katika Surat al-Baqara, aya ya 247, Qur'ani inatueleza kuwa Twaluti aliteuliwa kuwa mfalme kwa kuzidishiwa mambo mawili: elimu na mwili. Vimetajwa pamoja, wala kimoja hakikufanywa kikwazo cha kingine. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliendesha mashindano ya farasi, na alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.).

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya aliagiza kuwa mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike. Alionya kuwa kumnyima mchezo na kumbana kwa masomo pasipo kikomo kunaua moyo wake na kudumaza akili yake. Onyo hili linatuhusu sisi wa madrasa kabla ya kumhusu waziri yeyote. Wako watoto wetu wanaotoka shule alasiri na kuingia madrasa moja kwa moja hadi magharibi, bila hata nusu saa ya kukimbia. Kisha tunashangaa wanaposinzia mbele ya msahafu.

Na sanaa? Omar Khayyam anakumbukwa kwa mashairi, lakini pia ni mwanahisabati aliyeandika juu ya milinganyo ya kipeo cha tatu. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, aliitunga elimu ya nyota na njia za bahari kwa beti, zikiwemo zinazohusu pwani yetu hadi Sofala, ili mabaharia wazihifadhi. Tusiende mbali: mama wa Iringa anayesuka kikapu cha milulu huhesabu kila mzunguko ili pambo likutane sawasawa. Hiyo ni hesabu iliyo mikononi. Shule za ufundi za Ifunda na Iyunga zimekuwa zikifundisha jambo hilo miaka mingi, kwamba mkono na akili ni ndugu.

Mashaka ya kweli

Hofu yetu iko kwingine: somo kubaki kwenye ratiba tu. Vyuo vya serikali vinavyotajwa zaidi kwa fani hizi ni Malya na Butimba mkoani Mwanza na TaSUBa huko Bagamoyo, vyote mbali na Nyanda za Juu Kusini. Mwalimu wa Rungwe au Kilolo asiyeandaliwa atawatoa watoto nje wakapige kelele, kisha atajaza alama. Hapo mzazi atakuwa na haki ya kulalamika, maana mchezo usiofundishwa ni muda uliopotea kweli.

Ipo pia mipaka yetu. Michezo isimkoseshe mtoto swala, mabinti wapewe mavazi ya stara na uwanja wa heshima, na kupenda mpira kusiwe mlango wa kubeti, ambayo ni kamari iliyoharamishwa. Haya hayapatikani kwa kumfungia mtoto ndani. Yanapatikana kwa mzazi kuhudhuria kikao cha shule na kuuliza: nani anafundisha somo hili? Saa ngapi? Kiwanja kiko wapi, na nani anakilinda kisigeuzwe fremu za maduka?

Tuulize hayo hayo kuhusu Hisabati: mwalimu yupo? Vitabu vinatosha? Mzazi atakayeuliza yote mawili amemtendea mwanawe uadilifu. Na sisi wa madrasa tuanze wiki hii kwa kuwapa watoto wetu nusu saa ya kupumua kabla ya darasa la alasiri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na miili yenye afya. Wabillahi tawfiq.