Shahada ya Takwimu ni Ushahidi



Mzazi mmoja ametuletea jambo ambalo, kwa hakika, si lake peke yake. Aliuza kiwanja ili binti yake asome shahada ya uzamili katika takwimu. Binti amehitimu, akapata nafasi katika idara ya mikopo ya benki inayotoza riba, naye akaikataa. Huu ni mwezi wa saba yuko nyumbani. Mzazi anauliza: je, fedha ile imepotea? Na mtu wa takwimu asipofanya kazi benki, atafanya wapi?

Kwanza, tusimlaumu binti. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) hakumlaani mlaji wa riba pekee, bali na mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Anayeombwa akae kuikadiria riba ana sababu ya kuogopa.

Lakini pia tusimwache mzazi na huzuni yake. Elimu ya takwimu haikuanzia benki wala haikomei huko. Hudhayfa (r.a.) amesimulia, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza aandikiwe majina ya waliosilimu, wakaandikwa wanaume 1,500. Katika karne ya 9, Al-Kindi wa Baghdad alieleza namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinazojirudia zaidi.

Leo milango ni mingi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, ndizo zilizoendesha Sensa ya mwaka 2022, iliyotuhesabu watu 61,741,120. Taasisi za utafiti wa afya, kama ile ya Ifakara, huhitaji mtu wa kupanga ni wagonjwa wangapi washiriki katika jaribio la dawa, na kupima kama nafuu iliyoonekana imetokana na dawa au ni sadfa tu. Mashirika ya maendeleo yana vitengo vya ufuatiliaji na tathmini. Takaful nayo haisimami bila mtu wa kukadiria majanga, ili michango ya wengi itoshe kumfidia aliyefikwa. Na vyuo, kikiwemo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam, huhitaji wakufunzi.

Hata hivyo, milango hiyo haifunguki kwa cheti pekee. Binti asidharau mkataba mfupi wa kukusanya na kuchambua taarifa. Aizoee programu ya R, ambayo hupatikana bila malipo. Achukue matokeo ya sensa yaliyotangazwa, achambue jambo moja la wilaya yake, kisha aandike kurasa mbili za Kiswahili ambazo mama yake atazielewa. Kurasa hizo zitamsemea mbele ya mwajiri. Naye mzazi amsaidie nauli ya kwenda kwenye usaili, wala asimpime kwa watoto wa jirani.

Tumuusie jambo moja zaidi. Kuikimbia riba hakumalizi mtihani. Siku moja huenda akaambiwa apunguze idadi ya watoto wenye utapiamlo, au aongeze idadi ya walionufaika na mradi, ili mfadhili aridhike. Hapo patakuwa hapana riba, lakini patakuwa na uongo, na kwa uongo huo kijiji kizima kitakosa zahanati au chakula. Surat Al-Israa, aya ya 36, inatufundisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Si bure kwamba Kiswahili huiita hati ya chuo kwa neno lile lile la kushuhudia: shahada. Aliyeipokea amekubali kuwa shahidi wa watu asioweza hata kuwaona.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kiwanja chako hakijapotea. Umemlea binti aliyejua kusema hapana wakati nyumba ilipokuwa na shida. Ofisi yoyote yenye kuhitaji hesabu za kweli inamhitaji mtu wa namna hiyo.

Tunamuomba Allah amfungulie mlango wa riziki ya halali, na ampe subira yeye na wazazi wake. Amin.