Anayetusaidia mchana, jioni huwa wapi?

Mwaka 2003, nikiwa ningali mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilipata kibarua cha miezi mitatu cha ukalimani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mkimbizi kutoka Kongo angesema kwa Kiswahili, nami ningeyafasiri maneno yake kwa Kiingereza ili afisa wa shirika lililoniajiri, kijana aliyetoka Ulaya, ayaandike katika fomu. Nilijiona hodari. Nilikuwa Mkenya, tena mwanafunzi wa isimu. Nani angenifunza Kiswahili?

Siku moja mama mmoja wa watoto wanne aliulizwa alifanyaje chakula kilipomwishia kabla ya siku ya mgao. Akajibu: "Niliuzaka bunga ku soko." Nikafasiri bila kusita kwamba aliuza unga sokoni. Afisa akatikisa kichwa, akaandika. Kwa kuwa aliyeuza chakula chake alihesabiwa kuwa hana upungufu, jina la mama yule halikuingia katika orodha ya waliostahili nyongeza.

Zikapita wiki tano. Jumapili moja alasiri gari letu liliharibika ndani ya kambi, na tulipokuwa tukimngoja fundi nikaketi katika kibanda cha chai cha Mkongo mmoja mzee. Bibi yake alimwita mtoto, akamtia noti mkononi na kumwambia, "Enda uuze chumvi." Mtoto akatoka mbio. Aliporejea alikuwa na chumvi, wala hakuwa na ile noti. Kikombe kilinitetemeka mkononi. Nikamwuliza mzee, naye akacheka, akanieleza kwa upole kama amwelezaye mjukuu: kwao, kuuza ndiko kununua. Anayetaka kusema kile ambacho sisi huita kuuza, yeye husema kuuzisha.

Yule mama, basi, alikuwa ametuambia kwamba chakula kilipomwishia alinunua unga kwa visenti vyake vya mwisho. Mimi nikamgeuza kuwa mwuza mgao. Nilipomweleza yule afisa alifadhaika kwa dhati, na fomu ikarekebishwa kesho yake. Lakini wiki tano za njaa hazirekebishwi kwa kalamu.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi tangu siku ile, na kila mwaka huwapa wanafunzi wangu kisa hiki kama mfano wa tofauti za kilahaja. Leo nataka kukitumia kwa jambo jingine. Swali linalonisumbua ni hili: kwa nini ilinichukua wiki tano? Nilikuwa nikizungumza na Wakongo kila siku, asubuhi hadi saa tisa. Jibu ni kwamba nilikuwa nikizungumza nao saa za kazi tu. Saa za mapumziko, mimi na yule afisa na wenzetu wote tulikuwa upande wa pili wa seng'enge.

Msomaji ambaye hajapata kuishi katika mazingira hayo huenda asiyafahamu maisha ya mfanyakazi wa misaada baada ya kazi. Magari yalitoka kambini kabla ya jua kutua, yakaingia katika ua wa wafanyakazi, na lango likafungwa na mlinzi. Ndani mlikuwa na umeme wa jenereta, kiwanja cha voliboli, runinga, bia baridi na nyama ya kuchoma siku ya Ijumaa. Kule Lokichoggio, mji mdogo wa mpakani uliogeuka kituo kikuu cha misaada ya kwenda kusini mwa Sudan baada ya Operesheni Lifeline Sudan kuanzishwa mwaka 1989, baadhi ya kambi za wageni zilikuwa hata na vidimbwi vya kuogelea, katika nchi ambamo Mturkana hutembea mwendo mrefu kutafuta maji. Kisha kila baada ya majuma kadhaa mgeni alipewa siku za kupumzika, akapanda ndege kwenda Nairobi, Diani au Lamu. Amani ya Sudan ilipotiwa sahihi jijini Nairobi mwezi Januari 2005, mashirika yakaanza kuhamia Juba, na Lokichoggio ikabaki na majengo yake matupu. Najiuliza ni wangapi kati ya wageni walioishi pale miaka mitatu au minne walioondoka wakijua kumwamkia Mturkana kwa lugha yake.

Sisemi haya kwa husuda. Yule afisa niliyemfanyia kazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, mwenye huruma, na mara mbili nilimwona akilia peke yake nyuma ya ghala. Kazi ya kusikiliza taabu za watu tangu asubuhi inachosha roho kuliko kazi ya jembe, na binadamu asiyepumzika huwa hana faida kwa yeyote. Wala hatari si hadithi. Mnamo Agosti 19, 2003, mwaka uo huo ninaousimulia, bomu liliwaua watu 22 katika makao ya Umoja wa Mataifa mjini Baghdad, na siku hiyo sasa huadhimishwa duniani kote kwa heshima ya wafanyakazi wa misaada. Hapa kwetu, mwezi Oktoba 2011, wanawake wawili raia wa Hispania waliokuwa wakitoa huduma katika kambi za Dadaab walitekwa nyara, wakapelekwa Somalia, na hawakuachiliwa hadi Julai 2013. Anayewadhihaki watu hawa kwa kujifungia usiku hajafikiri.

Hata hivyo, hoja yangu inabaki pale pale. Saa za mapumziko za mfanyakazi wa misaada si mali yake peke yake, kwani ndizo saa pekee anazoweza kuwasikia watu anaowasaidia wakizungumza bila ya kumwomba kitu.

Niruhusu nilieleze jambo hili kwa jicho la taaluma yangu. Kila jamii ina lugha ya foleni na lugha ya barazani. Lugha ya foleni ni ile ambayo mtu huitumia mbele ya meza ya mkubwa: fupi, ya tahadhari, iliyokwisha kupimwa kulingana na kile ambacho mwulizaji anatarajiwa kukipenda. Mkimbizi hujifunza upesi kwamba fomu ina maswali yake na majibu yake, naye hujibu fomu, hamjibu mtu. Lugha ya barazani ni ile ya jioni, watu wakiwa wameketi, chai ikichemka, mtoto akitumwa chumvi. Humo ndimo watu hutaniana, hulalamika, hubishana bei, humsema kiongozi wa mtaa aliyekula vya watu, na hueleza ni kisima kipi ambacho wanawake wanaogopa kwenda. Mradi wa misaada unaotegemea lugha ya foleni peke yake ni kama daktari anayempima mgonjwa aliyevaa koti.

Mfanyakazi wa misaada hukaa foleni mchana kutwa. Jioni inapowadia na baraza kufunguliwa, yeye huwa ameshaondoka.

Wako wageni waliotutangulia kuifahamu siri hii, ingawa shabaha zao zilikuwa nyingine. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Tunaweza kubishana usiku kucha kuhusu kilichomleta, lakini hatuwezi kukana kwamba aliketi na wenyeji, akawasikiliza, akaandika. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Karibu nasi zaidi, vijana wa Marekani wa Peace Corps walianza kuja Kenya katika miaka ya 1960. Utaratibu wao ulikuwa kumpa mgeni majuma kadhaa ya kufundishwa lugha, mara nyingi akiishi katika nyumba ya mwenyeji, kabla ya kumpa kazi. Wengi wa rika la wazazi wangu walifundishwa na vijana hao katika shule za mashambani, na hadi leo huwakumbuka kwa Kiswahili chao chenye matege na kwa jinsi walivyokula walichopewa. Sikumbuki kumsikia yeyote akikumbuka ripoti waliyoiandika.

Hapa ningependa kuugeuza mkuki uelekee kwetu wenyewe, maana mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mfanyakazi wa misaada wa leo si lazima awe Mzungu. Wakenya wamejaa katika mashirika ya Juba, Goma na Mogadishu, na wengi wao ni wanafunzi wetu. Nimewatembelea baadhi yao mjini Juba. Nilichokikuta jioni ni meza ya Wakenya watupu, ugali na sukuma wiki, kandanda ya Uingereza kwenye runinga, na mazungumzo juu ya ploti za Kitengela. Kijana mmoja, aliyekuwa amekaa huko miaka mitatu, alipotaka chumvi alimwita mhudumu wa hoteli kwa Kiingereza, naye mhudumu hakumwelewa. Kiarabu cha Juba kinasikika katika kila soko la mji ule, na mtu anayejua Kiswahili atayatambua ndani yake maneno mengi ya Kiarabu ambayo nasi tuliyapokea. Yule kijana hakuwa amejifunza hata la chumvi. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Daktari, nikitoka kazini nataka kusahau niko wapi."

Jibu lake lilikuwa la kweli, na ndiyo maana liliniumiza. Nami pia, mwaka 2003, nilitaka kusahau niko wapi. Gari lisingeharibika Jumapili ile, ningemaliza kibarua changu, nikapokea mshahara na barua ya sifa, na jina la yule mama lingebaki nje ya orodha hadi mwisho.

Kuna wanaosema kwamba haya ni mambo madogo ikilinganishwa na uhaba wa fedha. Ni kweli kwamba fedha zimepungua mno. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada la USAID, na mwaka huo huo mgao wa chakula wa Kakuma ukapunguzwa kiasi cha kuwatia watu hofu na hasira. Lakini mimi naona kwamba hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Unga ukiwa tele, kosa la neno moja huweza kufunikwa na gunia la pili. Unga ukiwa haba na orodha ikiwa fupi, neno moja ndilo litakaloamua ni mtoto yupi atakayekula. Zama za uhaba zinahitaji masikio zaidi, na masikio hayana bei kubwa.

Nini basi kifanyike? Kwanza, mashirika yaihesabu lugha kuwa kazi. Mfanyakazi anayekwenda kukaa mwaka mzima mahali apewe saa za kujifunza lugha ya pale ndani ya mkataba wake, alipwe kwa saa hizo, na apimwe. Asiachiwe kuiba muda katika usingizi wake. Pili, pale usalama unaporuhusu, na ziko siku nyingi ambapo unaruhusu, pawe na saa moja ya alasiri isiyo na fomu wala kalamu, ambapo mgeni anaketi tu kambini kama mtu. Pasipokuwa na usalama wa kumtoa mgeni nje, basi wenyeji waalikwe ndani ya lango kucheza hiyo voliboli. Tatu, sisi wa vyuo vikuu tuache kuwatuma wakalimani kazini wakiwa na Kiswahili cha mtihani peke yake. Mkenya anayekwenda kumfasiria Mkongo na afundishwe kwanza Kiswahili cha Kongo, kwa heshima ile ile tunayoipa Kimvita na Kiunguja. Kudhani kwamba Kiswahili ni kimoja kila mahali ndiko kulikoniponza.

Nasi tulio wenyeji tuna sehemu yetu. Mara nyingi mgeni anapojaribu kuketi nasi, kabla hajamaliza kikombe tumeshamwonyesha paa linalovuja na karo isiyolipwa. Tukimgeuza kila mgeni kuwa mfuko, tusishangae akifunga zipu na kukimbilia uani kwake. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji ambaye hajamwona ila kwenye foleni.

Yule mzee wa kibanda cha chai nilirudi kwake kila Jumapili hadi kibarua kilipokwisha. Hakuniomba chochote, nami sikumpelekea fomu. Siku ya kuagana nilitaka kumlipa chai zote nilizokunywa bure. Alikataa, akanishika mkono na kunitania, "Weka feza yako, mwanangu. Chai ya leo siuzishe."

Safari hii nilielewa.