Toleo jipya la kivinjari: Nafuu ya kweli au mfuko mpya wa mbegu ile ile?

WAHENGA walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huo unafaa kukumbukwa kila kampuni ya kompyuta inapotangaza toleo jipya la kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti za intaneti. Kwa mkulima anayetafuta bei ya mazao katika soko la mbali, au mwenye duka anayewasilisha ritani ya kodi na kuangalia salio lake la benki, kivinjari ni sawa na mlango wa duka. Mlango ukiwa mbovu, anayeingia si mteja peke yake.

Swali linalojirudia ni hili: je, toleo jipya huwa ni nafuu ya kweli, au ni rangi mpya juu ya ubao ule ule? Mfano unaofaa kupimwa ni wa Internet Explorer 7, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani Oktoba 18, 2006. Mjadala wake ulikuwa mkali, na kwa kuwa miaka mingi imepita, matokeo yake sasa yanaonekana wazi.

Toleo lililotangulia, la 6, lilitoka mwaka 2001. Wakati huo Microsoft ilikuwa imekwisha kumshinda mpinzani wake mkuu, Netscape, kwa kutoa kivinjari chake bure ndani ya Windows. Hatua hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Serikali ya Marekani kuishitaki kampuni hiyo mwaka 1998. Baada ya ushindi huo, kwa takribani miaka mitano hakukuwa na toleo jipya, zaidi ya viraka vya hapa na pale. Soko lilikuwa na muuzaji mmoja, na muuzaji huyo hakuwa na haraka.

Kilichomwamsha ni ushindani. Novemba 9, 2004 shirika la Mozilla lilitoa Firefox 1.0, na watumiaji wakaanza kuhama. Februari 2005 Bill Gates alitangaza kwamba toleo la 7 linaandaliwa. Hapo pana funzo la kwanza, ambalo muuza mbolea au pembejeo yeyote analijua: bidhaa huboreshwa pale mnunuzi anapokuwa na duka la pili la kwenda.

Toleo la 7 lilipotoka, waliolisifu walitaja mambo matatu. Kwanza, mtumiaji aliweza kufungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja, kila moja ikiwa na kichupo chake. Pili, programu ilitoa onyo mtu alipofungua tovuti bandia iliyotengenezwa ifanane na ya benki ili kuiba namba za siri. Tatu, vijiprogramu vya ActiveX, ambavyo tovuti yoyote iliweza kuviamsha ndani ya kompyuta ya mtu, sasa vingi vilifungwa hadi mwenye kompyuta aruhusu.

Waliolibeza nao walikuwa na hoja. Vichupo havikuwa jambo geni, kwani Opera na Firefox walikuwa navyo tayari. Vitufe vilihamishwa na orodha ya amri ikafichwa, hivyo waliozoea toleo la zamani walipoteza muda kutafuta kitu walichokuwa wakikipata wakiwa wamefumba macho. Mafundi wa tovuti walilalamika kwamba bado halikufuata kikamilifu kanuni zinazokubaliwa na vivinjari vingine, na walilazimika kuendelea kuandika tovuti mara mbili, moja kwa ajili ya Microsoft na nyingine kwa wengine.

Hata hivyo, ukiweka hoja za pande zote mbili kwenye mizani, utaona zinapima vitu tofauti. Walalamikaji wengi walitazama kile kinachoonekana kwenye kioo. Nafuu kubwa ya toleo la 7 ilikuwa katika kile kisichoonekana: matundu yaliyozibwa. Mbegu bora haipimwi kwa picha iliyochorwa kwenye mfuko, bali kwa mavuno na kwa namna inavyostahimili ugonjwa.

Lakini nafuu hiyo haikumfikia kila mtu, na hapo ndipo gharama inapoingia. Toleo hilo lilikubali kompyuta zenye Windows XP iliyopata kiraka kikubwa cha mwaka 2004, au mifumo iliyofuata. Mwenye Windows 98 au Windows 2000 aliachwa nje. Mwanzoni Microsoft ilidai pia uthibitisho kwamba Windows iliyomo si ya kunakili, sharti lililoondolewa Oktoba 2007. Aidha, ulinzi madhubuti zaidi, wa kuitenga programu ili hata ikivamiwa isiguse mafaili mengine, ulipatikana kwa wenye Windows Vista pekee. Jina la toleo lilikuwa moja, lakini ulinzi ulitofautiana kulingana na kompyuta.

Kwa Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za ofisi ndogo na intaneti kafe zilikuwa za mitumba, masharti hayo hayakuwa madogo. Wakati huo mkongo wa baharini wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, haukuwepo. Faili la toleo la 7 lilikuwa na takribani megabaiti 15. Kwa laini ya simu ya waya yenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, kulipakua kulihitaji zaidi ya nusu saa hata kama laini haikukatika, na kila dakika ililipiwa.

Siku sita tu baadaye, Oktoba 24, 2006, Firefox 2 ilitoka. Nayo ilionya kuhusu tovuti bandia, ilikubali kufanya kazi kwenye Windows 98, na ilikuwa na jambo moja dogo lenye faida kubwa: kompyuta ikizimika ghafla, ikiwashwa tena programu ilirudisha kurasa zilizokuwa zimefunguliwa. Mwaka huo Tanzania ilikuwa katika mgawo mkali wa umeme kutokana na ukame. Ni dhahiri kwamba kwa mtu wa Morogoro au Mwanza, jambo hilo lilikuwa na thamani kuliko mapambo mengi.

Je, waliokataa kuhama kabisa walipata hasara? Jibu lilikuja Januari 2010, pale Google ilipotangaza kwamba imevamiwa na wadukuzi, na Microsoft ikakiri kwamba tundu katika Internet Explorer lilitumika. Tundu lilikuwepo katika matoleo ya 6, 7 na 8, lakini mashambulizi yaliyoonekana yalilenga la 6, ambalo wakati huo lilikuwa na zaidi ya miaka minane. Mamlaka za usalama wa kompyuta za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi watumie kivinjari kingine kwa muda.

Upande wa pili wa shilingi unaonekana Korea Kusini. Huko benki na maduka ya mtandaoni yalijenga huduma zao juu ya ActiveX, hivyo kwa miaka mingi mteja hakuweza kulipa bila Internet Explorer. Toleo jipya la Windows lilipokuja mwaka 2007, baadhi ya huduma hizo zilikwama hadi programu zake ziliporekebishwa. Aliyefunga biashara yake kwa kamba ya muuzaji mmoja hulazimika kwenda mwendo wa muuzaji huyo. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 15, 2022.

Hali ya sasa ni tofauti, ingawa swali ni lile lile. Namba ya toleo haimaanishi tena kitu kikubwa. Chrome, kivinjari cha Google kilichozaliwa Septemba 2008, mwaka 2021 kilianza kutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne. Mengi kati ya hayo hayabadilishi sura hata kidogo. Kazi yake kubwa ni kuziba matundu, na mengine huzibwa haraka kwa sababu wezi wameshaanza kuyatumia.

Hatari iliyobaki kwa mfanyabiashara mdogo ni kuachwa nyuma bila kujua. Toleo la 109 la Chrome, la Januari 2023, lilikuwa la mwisho kwa kompyuta zenye Windows 7 na 8. Vivyo hivyo simu zenye Android za zamani huachwa kidogo kidogo. Kifaa cha namna hiyo huendelea kuwaka na kufungua tovuti, hivyo mwenyewe hudhani mambo ni shwari, kumbe kitasa hakibadilishwi tena.

Kutokana na hayo, mwenye duka au kiongozi wa chama cha ushirika anaweza kulipima toleo lolote jipya kwa maswali manne. Je, linaziba matundu? Kama ndiyo, lisicheleweshwe, hata kama sura yake haipendezi. Je, kompyuta au simu iliyopo inalimudu? Swali hili liulizwe kabla ya kununua kifaa cha mtumba, wala si baada ya kukilipia. Je, tovuti ya benki na ya kodi bado zinafunguka vizuri? Hili lijaribiwe mapema, si siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, na ni busara kuwa na kivinjari cha pili cha akiba. Mwisho, je, limetoka wapi? Tangazo linaloruka katikati ya ukurasa likisema "kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa" ni mtego wa siku nyingi wa wezi. Toleo halali hupatikana ndani ya mipangilio ya programu yenyewe au katika duka rasmi la simu.

Bando la kupakua toleo jipya lina gharama, na si haki kumbeza mkulima anayeihesabu. Lakini gharama hiyo ilinganishwe na salio la msimu mzima lililoko benki, linalofikiwa kupitia mlango huo huo.